Vinyama vya Tumbo na Mama Anayejisahau

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, hakosekani mama anayesumbuliwa na tumbo. Akiulizwa, husema ni vidonda vya tumbo, humeza kidonge cha duka la dawa, kisha hurudi jikoni kuwapikia wengine. Miaka hupita, wala hapana aliyelitazama tumbo hilo kwa ndani. Tuonavyo, hofu mbili ndizo humzuia: kisu na saumu.

Ama kisu, hapana kupasuliwa. Daktari hupitisha kinywani mrija mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera, hadi tumboni. Mgonjwa hupewa dawa ya kufisha ganzi koo, au ya usingizi. Vikionekana vinyama vilivyoota ukutani mwa tumbo, viitwavyo polipu, mara nyingi huondolewa kwa mrija huo huo: kidogo sana hunyofolewa kwa kibanio, na kilichozidi hapo huzungushiwa kitanzi cha waya kikakatwa. Aghalabu mgonjwa hurudi kwake siku ile ile, akisindikizwa na mtu wake.

Kilichotolewa hupelekwa maabara, na hapo ndipo ilipo faida kubwa. Vinyama vingi havina dhara. Vingine huandamana na bakteria wa tumbo waliogunduliwa na Warren na Marshall huko Australia mwaka 1982, ambao dawa huwaondoa. Vingine huota kwa kutumia muda mrefu vidonge vya kupunguza asidi, vile vile ambavyo mama huvimeza bila kuulizwa. Lakini viko viitwavyo adenoma, ambavyo vikiachwa huweza kugeuka saratani. Kwa macho na maumivu pekee, hapana awezaye kuvipambanua.

Ama saumu, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1997, iliamua kwamba kipimo hiki hakifunguzi iwapo hakikuambatana na kutiwa maji au kitu kingine. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kiingiacho ndani kwa kusudi kupitia tundu lililo wazi hufunguza. Na tena katika matibabu haya maji hutiwa mara nyingi. Basi lisilo la haraka na lingoje Ramadhani ipite. La haraka lisingojee: mgonjwa ana ruhusa, naye atalipa siku yake.

Enyi waume na vijana wetu, mama akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akikonda bila sababu au akimeza kwa shida, msimwachie kidonge. Mpelekeni hospitali upesi. Akiona haya, ombeni daktari mwanamke, au mkae naye karibu. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na mama aliyewalisha wote ana haki ya kutazamwa tumbo lake.

Wallahu aalam.