Selimundu: Urithi wa Baba na Mama
Selimundu ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huupata anaporithi jeni yenye hitilafu, yaani kielekezo cha urithi kilichomo ndani ya seli, kutoka kwa wazazi wote wawili, hata chembe zake nyekundu zikajikunja kama mundu na kuziba mishipa. Aliyerithi kwa mzazi mmoja ni mbebaji, kwa kawaida haugui, na mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kuwa wabebaji wa Afrika Mashariki hukingwa dhidi ya malaria kali. Wabebaji wawili wakioana, iwe Tunduma, mkoani Songwe nchini Tanzania, au ng’ambo ya mpaka Nakonde, Zambia, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Kumlaumu mama peke yake, basi, ni dhuluma. Wachumba wa Songwe na wapime damu kabla ya ndoa.