Sukuma Wiki na Maji Yaliyoikuza

Katika mitaa ya Eastlands, toka Kaloleni na Makongeni mpaka Umoja, Kayole na Dandora, chakula cha jioni katika nyumba nyingi ni ugali na sukuma wiki. Jina la mboga hii laeleza kazi yake: humsaidia mtu mwenye fedha kidogo kusukuma wiki mpaka siku ya mshahara. Ni mboga nzuri. Ina vitamini nyingi, na mche mmoja huchumwa majani kwa miezi mingi bila kupandwa upya.

Kwa hiyo shauri letu la mwezi huu si kwamba watu waache kula sukuma wiki. Twataka kuuliza swali moja ambalo mnunuzi husahau kuuliza, na muuzaji hapendi kuulizwa: mboga hii ilinyweshwa maji gani?

MBOGA HUTOKA WAPI

Sukuma wiki nyingine huletwa kwa malori kutoka mashamba ya nje ya mji, ikapita Soko la Wakulima, ambalo watu huliita Marikiti, kisha ikagawanywa kwa akina mama wa vibanda mitaani. Nyingine haitoki mbali. Hulimwa papa hapa mjini, kando ya mto Nairobi, mto Mathare na mto Ngong, na kuelekea Njiru na Ruai.

Mboga ya karibu ina faida zake. Hufika sokoni haijanyauka, na haina gharama kubwa ya lori wala ya mafuta. Kwa upande huo kilimo cha mjini ni jambo jema, na tangu mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kukiendeleza na kukisimamia.

Lakini shamba la mjini hunywa maji ya mjini. Mto Nairobi hupita Gikomba, Korogocho na Dandora. Mto Ngong hupita Kibera, kisha Eneo la Viwanda na Mukuru. Njiani mito hii hupokea maji ya vyoo, ya karakana na ya viwanda, pamoja na yale yanayotiririka kutoka jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975. Mahali pengine mkulima hakungoji hata kuchota mtoni. Huziba bomba la maji taka ili maji yafurike na kuingia shambani. Kazi hiyo imejulikana kwa miaka mingi huko Maili Saba.

KWA NINI MKULIMA HUTUMIA MAJI HAYA

Tusimhukumu mkulima kabla ya kusikia neno lake. Maji ya mfereji ni ghali, na mara kwa mara hukatika. Mvua huja kwa misimu miwili, kisha huondoka. Maji taka hayakauki wakati wa kiangazi, na kiangazi ndicho kipindi ambacho bei ya mboga hupanda. Tena maji hayo yana naitrojeni na fosforasi, vyakula vikuu vya mimea, hata mkulima huweza kupata majani mapana bila kununua mbolea. Mama mwenye kipande kidogo kando ya mto hulisha watoto wake na kulipa karo kwa kazi hiyo. Wala si yeye aliyetia sumu mtoni.

Hata hivyo, mboga ikiwa na hatari haimwulizi mlaji ni nani mwenye kosa.

HATARI MBILI ZISIZOFANANA

Watu wengi husema, "Nitaiosha, nitaipika, haitanidhuru." Neno hilo ni kweli kwa hatari ya kwanza, lakini si kweli kwa hatari ya pili. Yafaa tuzieleze moja moja.

Hatari ya kwanza ni vijidudu vya maradhi na mayai ya minyoo. Hivi hutoka katika kinyesi cha watu, navyo huleta kuhara, homa ya matumbo, kipindupindu na minyoo ya tumbo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili mwaka 2006. Kuosha mboga vizuri kwa maji safi huondoa karibu sehemu tisa katika kumi za vijidudu. Kuipika hadi iive huua karibu vyote. Kwa hiyo sukuma wiki iliyopikwa ina hatari ndogo kuliko dania na nyanya za kachumbari, ambazo huliwa mbichi. Kumbuka pia mikono, kisu na meza: mboga chafu ikikatwa juu ya meza, kisha kachumbari ikakatwa papo hapo, vijidudu vimehama tu.

Hatari ya pili ni madini mazito, kama risasi, yaani madini yale yanayotiwa katika betri za magari, na kadimiamu. Madini hayaui kwa siku moja. Hukusanyika mwilini polepole. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto na kumpunguzia uwezo wa kujifunza. Kadimiamu hudhuru figo. Moto wa jikoni hauyaui, kwa kuwa hayana uhai. Risasi iliyokuja na vumbi au tope ikakaa juu ya jani huweza kuoshwa kwa sehemu kubwa. Lakini madini yaliyopandishwa na mizizi hadi ndani ya jani hayatoki kwa maji wala kwa chumvi. Na mboga za majani hupokea kadimiamu kwa wepesi kuliko mahindi au maharagwe, ambayo huliwa mbegu zake.

Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitangaza uchunguzi uliofanywa karibu na jaa la Dandora. Watoto 328 walipimwa. Nusu yao walikuwa na risasi nyingi katika damu kuliko kiasi kilichokubaliwa na mataifa wakati huo. Hatusemi kwamba risasi hiyo yote ililetwa na mboga. Vumbi na moshi pia huileta. Lakini mtoto ambaye tayari anavuta risasi njiani hapaswi kuongezewa nyingine katika sahani.

NI WAJIBU WA NANI

Wajibu huu si wa mtu mmoja. Mwenye kiwanda au karakana asiyemwaga uchafu wake mtoni amemlinda mlaji ambaye hatamwona kamwe. Anayevunja betri kuukuu asimwage maji yake mtaroni. Wenye kusimamia mabomba ya maji taka yawapasa wayatengeneze yanapopasuka. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza kunyweshea mimea maji machafu yasiyofikia kipimo. Lakini kanuni peke yake haiwezi kusafisha mto.

Mkulima naye ana wajibu wake. Kipimo chake ni chepesi: mboga usiyotaka mtoto wako ale, usimwuzie jirani.

Tena maji hayaishii Njiru. Mto Nairobi huingia mto Athi, na maji hayo hupita nchi ya Ukambani, ambako watu wengine nao hunywesha mashamba, mpaka yafike bahari karibu na Malindi, yakiitwa Sabaki. Uchafu unaotupwa Nairobi ni jambo la mkulima wa mbali pia.

MAMBO YA KUFANYA

Kwa mkulima wa mtoni:

1. Kama maji yatoka kwenye viwanda, karakana au jaa, usipande mboga za majani wala dania hapo. Panda miche ya miti na maua ya kuuza, ambayo haili mtu.

2. Kama shida ni kinyesi tu, wala si viwanda, usimwagie maji juu ya majani. Yapitishe kwenye mifereji kati ya matuta. Acha kunywesha siku kadhaa kabla ya kuchuma, maana jua na ukavu huua vijidudu vingi.

3. Usioshe mboga ulizochuma kwa maji ya mto ili zing'ae. Hapo ndipo mboga nzuri huharibiwa.

4. Vaa viatu vya mpira, na nawa kwa sabuni ukitoka shambani. Wewe ndiwe wa kwanza kuambukizwa.

Kwa mwenye nyumba asiye na shamba, iko njia ya bustani ya gunia. Baada ya ghasia za mwaka 2007 na 2008, shirika la Solidarités liliwafundisha watu wa Kibera, Mathare na Kiambiu njia hii. Tafuta gunia imara. Changanya udongo safi, usiotoka jaani wala kando ya barabara kubwa, na samadi iliyooza vizuri. Chukua mkebe mkubwa uliotolewa kitako, usimamishe katikati ya gunia, uujaze kokoto, kisha tia udongo kuuzunguka. Vuta mkebe juu kidogo, ujaze tena, hata gunia lijae. Nguzo ya kokoto itabaki katikati, na maji yatapita humo kufikia mizizi yote. Toboa matundu ubavuni na upande miche ya sukuma wiki. Juu panda mchicha au vitunguu. Maji uliyooshea mchele yafaa kunyweshea. Maji yenye sabuni nyingi hayafai.

Kwa mnunuzi: mwulize mama mboga mzigo wake umetoka wapi, kwa adabu, kila siku. Wakiuliza wengi, naye atamwuliza aliyemletea. Osha majani kabla ya kuyakata, mara mbili au tatu. Pika hata yaive. Badilisha mboga, leo sukuma wiki, kesho kunde, keshokutwa mnavu, ili usikusanye madini ya shamba moja.

Na wewe, ndugu mkulima, kama huna hakika na maji ya shamba lako, mwulize Bwana Shamba wa wadi yako kabla ya kupanda, wala usingoje mpaka umekwisha kuuza.