Herufi moja kati ya Njoro na Kayseri

Begi la mpwa wangu lilipimwa kwa muuza nafaka. Nyumbani Njoro, hapa Moshi, hatuna mizani, kwa hiyo jioni ile ya mwisho tulilibeba mimi na yeye hadi dukani, likatundikwa kwenye ndoano inayopima magunia ya mahindi. Mshale ukapitiliza kwa kilo nane. Dada yangu akalifungua palepale kibarazani, akatoa unga wa dona, akatoa dagaa, akagoma kutoa karanga.

"Mjomba, kwani huko hawauzi unga?" kijana akaniuliza kwa sauti ya chini, mama yake asisikie.

"Wanauza. Wa ngano."

Ana miaka 19. Alipomaliza kidato cha sita alipata ufadhili wa Türkiye Bursları, ambao serikali ya Uturuki inautoa kwa jina hilo tangu 2012: ada, bweni, posho ya mwezi, tiketi ya ndege, na mwaka mzima wa kujifunza Kituruki kabla ya kuanza shahada. Alipangiwa Kayseri, katikati ya nchi ile. Kutoka Moshi hadi uwanja wa ndege wa KIA ni kama saa moja kwa gari. KIA hadi Istanbul ni mwendo wa saa saba hivi kwa ndege ya usiku wa manane, kisha ndege nyingine ya ndani. Ukijumlisha yote, haimalizi siku.

Lakini mimi nilikuwa naye muda wote, na safari hiyo naihesabu tangu likizo ya kidato cha tano, alipokwenda kuomba pasipoti. Sehemu ndefu kuliko zote ilikuwa ndani ya jina la babu yake.

Msomaji wa Kilimanjaro ataelewa upesi. Majina mengi ya kwetu yanaishia na "-eli". Mchungaji akibatiza anaandika "-eli", karani anayefuata anaona i haina kazi, anaiacha, mwalimu naye anaandika anavyosikia. Cheti cha kuzaliwa cha kijana kina i, cha kidato cha nne hakina. Ofisa wa pasipoti dirishani aliviweka vyeti viwili sambamba, akavitazama, akaturudishia bila hasira. "Hawa ni watu wawili," akasema.

Basi tukaanza kuwaunganisha hao watu wawili. Wakili, kiapo, mhuri, fotokopi, rudi wiki ijayo. Mara ikatakiwa karatasi ya mzazi. Dada alizaliwa kihambani, mikononi mwa bibi yetu, hakuna aliyemwandikia tangazo la kizazi. Kiapo kingine. Ada yenyewe ya pasipoti, shilingi 150,000, inajulikana na mtu anaweza kujipanga. Zinazomaliza ni zile buku mbili mbili za bodaboda na fotokopi ambazo hakuna anayekuandikia risiti.

Halafu viza. Ubalozi uko Dar es Salaam, kilomita zipatazo 560 kutoka hapa. Alikwenda kupeleka maombi, akarudi, akaenda tena kuchukua. Same, Mombo, Korogwe, Segera, Chalinze, hadi stendi ya Mbezi Luis. Bahari hakuiona safari zote mbili. Aliona foleni.

Hapo katikati walijitokeza mawakala, vijana wa suti wenye ofisi za ghorofani, wakitaka mamilioni "kusukuma faili". Fomu ya ufadhili ule inajazwa mtandaoni bila malipo. Nawaonea huruma wazazi waliouza ng'ombe kwa kazi ambayo mtoto angeimaliza mwenyewe kwa simu.

Si jambo geni karatasi kuwa nzito kuliko bahari. Septemba 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alipowapandisha ndege wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda Marekani, hao walikuwa na bahati ya kuwa na hati mkononi. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alikwenda kwa mpango uleule, akaanza chuo Kansas. Lakini miaka hiyohiyo kulikuwa na wengine, waliotaka kusoma Moscow au Prague, ambao serikali ya mkoloni haikuwa tayari kuwapa pasipoti. Hao walipita kinyemela Uganda hadi Sudan, kwa lori, kwa treni, kwa meli za mtoni, wakiufuata mto Nile hadi Cairo kwa Rais Nasser, na huko ndiko walikopata nyaraka za kuendelea. Kwa watu wa zama zile hiyo ilikuwa Njia ya Nile. Wapo waliotumia miezi njiani. Nilipomsimulia mpwa wangu habari hizo tukiwa kwenye benchi la wakili, aliniuliza kama wao walitakiwa kuleta cheti cha mama.

Usiku wa kuondoka, pale KIA, nilitazama mlango wa wanaowasili. Mabarobaro wawili wa Kizungu walikuwa wakitoka na mabegi makubwa mgongoni, wakihangaika kumtafuta mwenyeji wao. Moshi nayo inapokea: ile shule ya kimataifa iliyofunguliwa 1969, ambayo tangu 2019 imo katika mtandao wa UWC, huchukua vijana wa rika la mpwa wangu kutoka mabara yote. Nao, nadhani, wana mama zao waliowafungashia kitu wasichokihitaji.

Novemba alinitumia picha. Juu ya mji wa Kayseri kuna mlima Erciyes, volkano ya zamani yenye mita 3,917, umeshavaa theluji. Chini ya picha ameandika: "Mjomba, huu mdogo." Karanga, anasema, ziliisha wiki ya kwanza, alikula na Msomali na kijana wa Kazakhstan. Na darasani mwalimu wa Kituruki humwita kwa jina la babu, kama lilivyo kwenye pasipoti, i yake ikiwa mahali pake.

Majina yanayosajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne ndiyo yatakayokaa kwenye cheti. Mwenye mtoto ambaye bado hajasajiliwa, atoe cheti chake cha kuzaliwa leo, avae miwani, asome herufi kwa herufi, kisha aende shuleni akaulize wameandikaje.