Iafoni Zinakwaruza? Kabla Hujatoka Kau Kwenda Garsen Kununua Zingine, Cheki Hivi Vitu Kwanza

Wasee, cheki hii stori. Niko na beshte yangu anaishi Kau, kile kijiji cha mto Tana, juu kidogo ya Kipini. Ni mtu wa ngoma kabisa. Jioni joto likipungua, anakaa chini ya mwembe na kaplea kake kadogo ka memori kadi, iafoni maskioni, dunia amewachia wenyewe.

Siku moja ngoma ikaanza poa, lakini bezi ilipoingia tu, sauti ikapasuka kama gunia linaraluliwa. Akasema, "Hizi iafoni zimeenda." Akatupa. Akanunua zingine, nazo zikapasuka vilevile. Akanunua za tatu. Wapi!

Sasa, ukiwa Nairobi unashuka Luthuli, unatoa soo mbili, unarudi keja. Ukiwa Kau mambo ni tofauti. Ukitaka duka la maana ama fundi unayemwamini, unaanza kuwaza Garsen, ama hata Malindi, na nauli ya kwenda na kurudi inaweza kushinda bei ya iafoni zenyewe. Kwa hivyo kabla hujatoa doo, unafaa kujua ni nini hasa imeharibika. Na mara nyingi, manze, si iafoni.

Twende pole pole, tuanze na vitu vya bure.

Kwanza, skiza ni kelele gani

Kila ugonjwa una kikohozi chake. Skiza vizuri kabla hujashika kitu.

Sauti ikipasuka wakati wa bezi nzito ama ukiongeza voliumu tu, shida inaweza kuwa setingi, betri, ama kile kispika kidogo ndani ya iafoni.

Ikikwaruza ukisogeza waya ama ukitembea, hiyo ni waya ama jeki.

Ikivuma ama kukoroma ukiwa umechomeka chaja, ni umeme.

Ikikatakata, yaani ngoma inaruka maneno, hiyo hata si iafoni. Ni memori kadi imechoka, faili limeharibika, ama ni Bluetooth.

Na kuna ile ya ajabu zaidi: vyombo unaskia, mwangwi unaskia, lakini mwimbaji amepotea kama ameingia ndani ya pipa. Hiyo tutaifikia, usijali.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja

Hii ndiyo siri ya mafundi wote, na haina gharama. Chukua iafoni zako, zichomeke kwa simu ya mtu mwingine, chapa ngoma ileile. Zikilia safi, iafoni hazina makosa, shida iko kwa plea. Zikikwaruza hata huko, hapo sasa unaweza kuzishuku.

Halafu geuza. Chukua iafoni za jirani, ambazo unajua ni fiti, zichomeke kwa plea yako. Mwisho, chapa ngoma tofauti. Kama ni ngoma moja tu inapasuka, faili ndilo bovu, na plea haina hatia.

Kosa ambalo watu hufanya ni kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo. Sauti inakuwa poa, lakini hujui ni nini kilikusaidia. Wiki ijayo ikirudi, unaanza mwanzo.

Ekwalaiza: adui anayejifanya rafiki

Sasa turudi kwa beshte yangu. Nilipomuuliza setingi za plea yake ziko wapi, akacheka. Bezi ilikuwa imepandishwa mpaka mwisho. Voliumu nayo, mwisho.

Iko hivi. Sauti ndani ya plea ni mawimbi yanayopanda na kushuka, na plea ina dari. Ngoma nyingi za siku hizi zimerekodiwa kwa sauti ya juu sana, mawimbi yake tayari yanakaribia dari. Ukiongeza bezi juu yake, vichwa vya mawimbi vinagonga dari na kukatwa bapa. Hivyo vichwa vilivyokatwa ndivyo unaskia kama mpasuko. Hata ununue iafoni za bei gani, sauti imeshakatwa kabla haijafika kwa waya.

Dawa: rudisha ekwalaiza kwa sifuri, kila mstari katikati. Zima pia setingi zozote za kuongeza bezi ama kupandisha sauti kupita asilimia mia. Skiza tena. Ukiona bezi haitoshi, usiipandishe. Badala yake shusha zile zingine kidogo, halafu ongeza voliumu pole pole. Masafa yatakuwa sawa na vile unataka, na dari haitaguswa.

Faili lenyewe

Ngoma nyingi tunazipata kwa kurushiana. Huyu ametoa kwa video, yule ameibana iwe ndogo ndiyo itoshee kwa memori, mwingine ameibana tena. MP3 huwa inapunguza uzito wa faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo skio halizisikii sana. Ukibana mara moja kwa kiasi, poa. Ukibana kile kilichobanwa, unabaki na vyuma vinavyolia kama mchanga na sauti kama iko chini ya maji.

Kuna hesabu rahisi ya kucheki. Faili la kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu MB 1 kwa kila dakika. La kilobiti 320 huchukua kama MB 2.4 kwa dakika. Kwa hivyo ngoma ya dakika 4 ikiwa na MB 4, inakubalika. Ikiwa na MB 1.5, usiilaumu iafoni. Tafuta nakala nzuri.

Na kuna jambo moja la kukaa rada: kuchukua faili dogo na kuligeuza kuwa kubwa hakurudishi kitu. Kilichotupwa kimetupwa.

Jeki na tundu lake

Plea inayokaa mfukoni inakusanya vumbi, nyuzi za nguo na jasho. Vyote vinajazana ndani ya tundu. Ukichomeka iafoni, jeki haifiki mwisho, na sauti inaanza kukwaruza ukiigusa.

Zima plea kabisa. Angalia ndani ukitumia tochi. Chukua kijiti cha meno cha mbao, kikavu, toa uchafu pole pole ukizungusha kando kando bila kusukuma ndani. Usitumie sindano wala waya wa chuma, utakwaruza zile sehemu za kugusana ama uzikutanishe. Jeki yenyewe ipanguse kwa kitambaa kikavu. Ikiwa na weusi ama ukijani, weka spiriti kidogo kwa pamba, pangusa, acha ikauke kabisa.

Sasa ile ya mwimbaji kupotea. Angalia jeki yako, utaona mistari myeusi. Ikiwa miwili, hiyo ni ya kuskiza tu. Ikiwa mitatu, iko na maiki. Plea nyingine za zamani hazielewani na zile za mistari mitatu. Waya ambao upande wa kushoto na wa kulia huutumia pamoja kurudisha umeme unakosa kushika. Hilo likitokea, pande mbili zinaanza kufutana: kile kilicho sawa kushoto na kulia kinapotea, kile kilicho tofauti kinabaki. Na mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati, sawa pande zote. Ndiyo maana ni yeye anapotea.

Jaribu kuchomoa jeki kidogo sana. Ama bonyeza na ushikilie kale kabatani ka maiki. Mwimbaji akirudi, umeipata. Tafuta iafoni za mistari miwili na utaishi kwa amani.

Waya

Waya hukatika ndani kabla ya kukatika nje. Huwezi kuona. Chapa ngoma, halafu kunja waya pole pole ukianzia kwa jeki, panda mpaka pale zinagawanyika, mpaka kwa skio. Pale sauti inaruka, hapo ndipo. Mara nyingi ni karibu na jeki, kwa sababu watu huchomoa kwa kuvuta waya. Shika jeki yenyewe, msee. Na wacha kuzungusha waya kwa plea ukiukaza kama kamba ya mbuzi.

Fundi anaweza kukata hapo na kuunga jeki mpya. Kwa iafoni za soo mbili haina maana, lakini kwa hedifoni nzuri, inalipa.

Kile kispika kidogo

Ndani ya kila skio kuna karatasi laini ya plastiki, koili na sumaku. Nywele moja ikiingia na kugusa hiyo karatasi, inazomea kila bezi ikipiga. Sumaku nayo inavuta vumbi la chuma. Nta ya skio ikiziba wavu wa mbele, upande mmoja unakuwa chini kuliko mwingine.

Toa vile vifuniko vya mpira, uvioshe kando kwa maji na sabuni, vikauke. Wavu usugue kwa mswaki mkavu ukielekeza uso wake chini, ndiyo uchafu uanguke nje. Usipulize kwa nguvu. Ikiwa karatasi imepasuka, hapo hakuna dawa, kubali.

Betri, chaja na unyevu

Plea za bei ya chini zikiwa na betri karibu kuisha, hazina nguvu ya kusukuma bezi. Chaji ijae, halafu ujaribu tena. Kama inavuma ikiwa kwa chaja, chomoa. Kelele ikiisha, chaja ndiyo inaleta fujo. Hii hutokea sana ukichaji kwa sola kupitia inveta ya bei rahisi.

Na unyevu, watu wa delta mnaujua. Bahari iko karibu, mto uko mlangoni, na mafuriko ya 2023 na 2024 hayajasahaulika. Plea ikilowa, izime papo hapo, toa betri kama inatoka, iache kivulini penye upepo siku kadhaa. Usiianike kwa jua kali wala kuiweka juu ya jiko. Maji ya chumvi ndiyo mabaya zaidi, hula shaba hata baada ya kukauka. Hiyo mpelekee fundi mapema.

Wa Bluetooth, nyinyi kumbukeni hivi: mwili wa binadamu unazuia mawimbi, kwa hivyo plea ikikaa mfuko wa nyuma sauti inaweza kukatakata. Na maiki ikiwa inatumika, ubora wa muziki hushuka. Funga programu inayotumia maiki, sauti itarudi.

Skio halina fundi

Sasa hii ndiyo muhimu kuliko zote. Sauti ikipasuka, mtu hufanya nini? Anaongeza voliumu ndiyo askie maneno. Anaongeza tena. Na hapo ndipo unaharibu kitu ambacho Luthuli hawauzi.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu bilioni 1 wa miaka 12 hadi 35 wako kwa hatari ya kupoteza uwezo wa kuskia, kwa sababu ya muziki wa sauti ya juu kwa muda mrefu. Kipimo chao: desibeli 80 unaweza kuskiza saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki. Vile vinyweleo vya ndani ya skio vinavyoshika sauti, vikifa havimei tena. Ukimaliza kuskiza na maskio yanalia "nziii", umeshapita mpaka. Kaa chini ya asilimia 60 ya voliumu, na upumzishe maskio.

Ngoma ya kujaribia

Unahitaji rekodi unayoijua vizuri, tena ya sauti za watu, kwa sababu skio linajua haraka sauti ya binadamu ikiharibika. Mimi nilimwambia beshte yangu atumie wimbo wa taifa, wa kwaya. Kila mtu anaujua. Na melodi yake ilitoka hapo hapo kwao: ni wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo wa mto Tana, ukafanywa wimbo wa taifa wakati wa uhuru 1963.

Akarudisha ekwalaiza kwa sifuri, akashusha voliumu, akachapa. Safi kabisa. Akajaribu iafoni za pili na za tatu, zote safi. Halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Sasa zile za kwanza nilizotupa?"

Mazee, hizo pia zilikuwa sawa.