Seva ya bei nafuu katika nchi ya radi

Tororo, Uganda, imeingia kwenye vitabu vya rekodi kwa ngurumo: kati ya 1967 na 1976 ilipata wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka. Anayetaka kujenga seva ya kuhifadhi data ukanda huu, kuanzia Tororo hadi machimbo ya dhahabu ya Tiira na mpakani Busia, aanze na radi kabla ya kuulizia bei ya diski.

Mashine yenyewe haina ugumu. Kompyuta ya mezani ya mtumba yenye nafasi ya diski nne, pamoja na programu ya bure kama OpenMediaVault, inaitosha studio ya picha, shule au ofisi ya wakala wa forodha. Mwaka 1988 watafiti Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley, Marekani, walitetea hoja kwamba diski nyingi za bei rahisi zikiunganishwa zaweza kushika nafasi ya moja ya ghali. Mwaka 2009 kampuni ya Backblaze ikatangaza hadharani mchoro wa seva yake ya diski 45: terabaiti 67 kwa dola 7,867. Kwa duka la Busia, diski nne za terabaiti 4, nafasi ya moja ikiachwa kwa ulinzi, zinatoa terabaiti 12. Moja ikifa, unaweka mpya na seva inajaza upya kilichopotea.

Lakini diski zote nne zinakula umeme wa pawa saplai moja. Radi ikipiga laini, zaweza kuungua kwa pamoja. UPS, yaani betri ya akiba, inaipa seva dakika chache za kujizima salama. Lakini haizuii radi nzito. Kwa hiyo kwanza fundi apime athi ya jengo, yaani waya unaopeleka umeme ardhini. Waya wa mtandao uliovutwa nje kati ya nyumba mbili nao huleta radi ndani. Hapo weka faiba, yaani waya wa kioo, maana kioo hakipitishi umeme.

Kinga ya mwisho ni nakala isiyogusa umeme. Kila Ijumaa chomeka diski ya nje, nakili, chomoa, fungia kabatini. Nyingine ikae mji mwingine. Kila mwezi fungua faili kadhaa kutoka kwenye nakala hizo uone kama zinasomeka. Fedha zikipungua, punguza terabaiti, usipunguze nakala.