Marekani Baada ya Vita (3): Nyumba ya Mkopo na Kiti cha Kaunta

Katika sehemu iliyopita tuliona jinsi Wamarekani wengi walivyoumaliza mwaka 1945 wakiwa na akiba benki na hamu kubwa ya kununua. Wakati wa vita sukari, nyama na petroli vilitolewa kwa mgao, na tangu mapema mwaka 1942 viwanda vya magari viliacha kuwahudumia raia, vikageukia zana za kivita. Leo tunaingia nyumbani, kwa sababu nyumba ndiyo iliyovuta mengi yaliyofuata: friji, televisheni, gari, na deni la kulipia vyote hivyo.

Wahenga wetu walituachia onyo: kukopa harusi, kulipa matanga. Marekani iliamua kulishinda onyo hilo kwa mkono wa serikali. Sheria ya mwaka 1944, iliyotiwa saini na Rais Franklin Roosevelt kwa ajili ya askari waliokuwa wakirudi, iliifanya serikali kuwa mdhamini wa mikopo yao ya nyumba. Benki zilipojua kwamba hasara haitaziangukia peke yao, zililegeza masharti. Kijana aliyekuwa amebanana na mke na mtoto kwa wazazi wake akaweza kuhamia kwake bila malipo ya awali, au kwa kiasi kidogo tu.

William Levitt aliiona nafasi hiyo mapema. Mwaka 1947 alianza kujenga kwenye mashamba ya viazi ya Long Island, nje ya jiji la New York. Kiwandani gari hupita mbele ya fundi; kwa Levitt nyumba ilikaa palepale, wakapita mafundi. Kundi moja lilimwaga zege la sakafu, jingine likasimamisha kuta, jingine likapaka rangi, hatua zaidi ya 20 na kila hatua na watu wake. Kazi ilipopamba moto, nyumba 30 na zaidi zilikamilika kwa siku moja. Kufikia mwaka 1951 mji huo mpya, Levittown, ulikuwa na nyumba zaidi ya 17,000. Bei ya nyumba mwaka 1949 ilikuwa dola 7,990.

Tuingie katika toleo la mwaka 1950. Jikoni kuna friji, jiko na mashine ya kufulia. Sebuleni, kwenye ukuta wa ngazi, kumejengewa televisheni. Bei yake imo ndani ya bei ya nyumba, kwa hiyo familia inailipia polepole pamoja na kuta na paa, katika deni la miaka mingi. Mwaka huo kaya zenye televisheni zilikuwa kama 9 katika kila 100. Mwaka 1960 zilikaribia 9 katika kila 10. Kila jioni sanduku lile lilitangaza sabuni, sigara na magari, na mwenye deni la nyumba akaongeza deni la gari, maana kazi na maduka vilikuwa mbali. Mkopo ukazaa mkopo. Mwaka 1958 Bank of America ilituma kwa posta kadi za mkopo zipatazo 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California, bila wao kuziomba.

Lakini mlango wa nyumba hiyo haukufunguliwa kwa kila mtu. Mikataba ya kwanza ya Levittown ilikataza nyumba kukaliwa na asiye Mzungu, isipokuwa mtumishi wa nyumbani. Levitt hakuwa peke yake. Idara ya serikali iliyodhamini mikopo ya nyumba iliuhesabu mtaa wa Weusi, au wa watu wa rangi mbalimbali, kuwa hatari kwa fedha. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya ubaguzi ya namna hiyo, lakini Levitt aliendelea kuwauzia Wazungu tu. Mwaka 1957 William Myers, Mweusi aliyewahi kuwa askari wakati wa vita, na mkewe Daisy, walinunua nyumba katika Levittown nyingine, ya Pennsylvania, kutoka kwa mwenye nyumba. Umati ulikusanyika nje, mawe yakarushwa madirishani, hadi polisi wa jimbo wakaletwa.

Aliyenyimwa mkopo wa benki bado alihitaji pa kulala. Huko Chicago familia nyingi za Weusi zilinunua nyumba kwa mkataba: bei imepandishwa mno, hati inabaki kwa muuzaji, na kukosa awamu moja kungeweza kukupotezea nyumba pamoja na yote uliyokwishalipa. Methali yetu ilitimia, ila harusi ilikuwa ya mmoja na matanga ya mwingine.

Hoja yangu ni hii: pale ambapo kununua kumefanywa alama ya uraia, anayezuiwa kununua anapunguziwa uraia wake. Ndiyo maana mapambano yalifika hadi dukani. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne Weusi wa chuo cha North Carolina A&T, Ezell Blair Jr., Franklin McCain, Joseph McNeil na David Richmond, waliingia katika duka la Woolworth mjini Greensboro. Walianza kwa kununua vitu vidogo, dawa ya meno ikiwemo, wakalipa na kutunza risiti. Kisha wakaketi kwenye kaunta ya chakula, wakaagiza kahawa. Wakakataliwa. Duka ni lilelile na pesa ni ileile. Upande mmoja umeipokea, upande wa pili unamkataa mwenye pesa. Risiti iliyokuwa mfukoni ilitosha kuwa ushahidi.

Walikaa hadi duka lilipofungwa. Kesho yake walikuja wengine, na katika majuma machache migomo ya kuketi ikaenea katika miji mingi ya Kusini. Mauzo ya duka yakashuka. Tarehe 25 Julai 1960 kaunta ile ilifunguliwa kwa watu wote, na wa kwanza kuhudumiwa walikuwa wafanyakazi Weusi wa duka hilohilo, waliokuwa wakiwaandalia wengine chakula mahali ambapo wao wenyewe hawakuruhusiwa kuketi.

Wiki ijayo: vijana, redio na gitaa la Chuck Berry.