Anayejifunza Kuunganisha Picha Aanze na Maski, Si Kifutio

Kuunganisha picha hakukuanza na kompyuta. Mwaka 1857, nchini Uingereza, Oscar Rejlander alionyesha picha moja aliyoiunda kwa negativu zaidi ya 30, akichapa kila kipande mahali pake huku akiziba sehemu nyingine za karatasi zisipigwe na mwanga. Akikosea, iliyoharibika ni karatasi. Negativu zilibaki salama. Kuficha bila kuharibu ndiyo kanuni inayostahili kuwa somo la kwanza kwa kila anayeanza leo. Anayeanza kwa kufuta hujifunza kuogopa kosa, na mwenye hofu hajaribu.

Tuseme unataka kumhamisha mtu aliyepigwa picha studio umweke ufukweni. Katika Photoshop, au GIMP inayopatikana bure, picha hizo hukaa kwenye matabaka mawili, la juu likilifunika la chini. Kwanza unamzungushia mtu huyo mstari wa uteuzi, kisha unaugeuza uteuzi huo kuwa maski ya tabaka. Maski ni picha ya kijivu isiyoonekana kwenye kazi yenyewe: palipo peupe tabaka huonekana, palipo peusi hufichika, palipo kijivu huonekana kwa kiasi. Maski ya biti 8 ina ngazi 256 kutoka nyeusi hadi nyeupe, na ngazi hizo za katikati ndizo hufanya ukingo wa nywele au shela uungane na mandhari mapya bila kuonekana umekatwa kwa mkasi. Ukilikata sikio kwa bahati mbaya, paka nyeupe juu ya maski nalo litarudi, hata kama faili uliifunga wiki iliyopita. Kifutio hakikupi nafasi hiyo.

Wapo wasemao maski humchanganya mgeni. Ni kweli kwamba kosa la kawaida ni kupaka rangi kwenye picha badala ya maski, lakini dawa yake ni fupi: kabla ya kupaka, tazama kijipicha kipi kimechaguliwa kwenye orodha ya matabaka. Wengine husema simu siku hizi humkata mtu zenyewe. Hukata, na mara nyingi vizuri, ila hukosea kwenye nywele zilizotawanyika na kitambaa chepesi, na hapo asiyejua maski hana la kufanya. Tena, ukataji mzuri hautoshi ikiwa mwanga wa mtu unatoka kushoto na jua la ufukweni liko kulia. Jicho la kuliona hilo hupatikana kwa kurekebisha tena na tena.

Pingamizi zito zaidi ni la udanganyifu. Februari 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza ili zienee kwenye jalada la wima, likalaumiwa vikali. Photoshop ilikuwa bado haijazaliwa, maana ilitoka 1990. Uongo hautokani na chombo, na anayejua picha zinavyounganishwa huitambua upesi iliyounganishwa. Kwa hiyo mwalimu afundishe maski pamoja na uaminifu: picha ya habari isiguswe hivyo, na ya kubuni itajwe kuwa ya kubuni. Nawe unayeanza, hifadhi kazi yako kwa PSD ya Photoshop au XCF ya GIMP kabla ya kutoa nakala ya JPEG, kwa sababu JPEG haitunzi matabaka wala maski.